Nguo za Mwezi Mpevu

Kikosi kile hakikuwa na jina pale kijijini.
Bango la langoni lilisema Ghala la Viazi,
na askari wa zamu alikagua hata kikapu changu,
akiinua soksi mojamoja kwa ncha ya kalamu.
Lakini siri ya mtungi aijuaye kata,
na ya uwanja ule niliijua mimi,
Keziah Thurlow, mfua nguo wa Wennock,
shilingi mbili na nusu kwa furushi.

Niliijua kwa mwezi.
Vikosi vingine, kule kaskazini, vilipenda giza:
mwezi ukifa, ndipo wanaruka.
Hawa wetu waliungoja ujae.
Wiki ya mbalamwezi sikuletewa hata leso.
Wiki ya giza, mashati arobaini,
makwapa yamekauka jasho la hofu,
ambalo halinuki kama jasho la kazi;
muulize yeyote aliyewahi kuinamia karai.

Ndege nne za mabomu, nyeusi kama masizi,
zilipanda juu ya mashamba ya kabichi saa nne usiku,
zikarudi alfajiri zikiwa nyepesi,
na hakuna gazeti lililotaja mji ulioungua.
Walikwenda kumwaga nini basi?
Karatasi, alisema jirani yangu Bi. Tuck.
Nikanyamaza.
Mfukoni mwa suruali moja nilikuwa nimekuta
kibanio cha nywele za mwanamke,
na ndani ya ndege zile hakukuwa na mwanamke.
Au alikuwamo wakati wa kwenda tu.

Sajini Yelland alikaa mkiani, kwenye bunduki.
Miaka ishirini na moja, masikio kama vishikio vya kikombe.
Nguo zake alizileta mwenyewe kwa baiskeli.
"Usitie wanga kwenye kola, Bi. Thurlow,
shingo yangu hugeuka usiku kucha."

Jumatatu moja ya Februari
nilihisi kitu majini, laini kuliko shati:
hariri, imekunjwa hadi kuwa ndogo kama stempu.
Nikaikunjua. Ilikuwa nchi nzima.
Mito, reli, mpaka wa kusini wenye milima,
na wino haukutoka hata chembe;
walioichapa walijua kuna maji ya kuvuka.
Nikaianika nyuma ya jiko.
Nikaipiga pasi, kwa haraka mno.
Kesho nitampa, nikasema.

Mawingu yalifunguka usiku uleule.
Hakuna aliyetarajia.
Nikasikia zikipanda: moja, mbili, tatu, nne.
Alfajiri nilisimama mlangoni na koti juu ya gauni la kulalia,
nikahesabu tatu,
nikahesabu tena, kana kwamba nilikosea hesabu ya tatu.
Nimefua maisha yangu yote.
Siku ile sikufua dafu.

Ofisa alikuja kuchukua vitu vyake.
Mashati matatu, soksi jozi nne, taulo.
"Ni hivyo tu?"
"Ni hivyo tu," nikasema.
Wao ndio walionifundisha kunyamaza.

Sasa kila Jumatatu, pasi ikishapoa,
naitandaza ile hariri mezani.
Sijui alipoangukia.
Nilichagua kona ya mto, maana lazima mtu aanzie mahali,
na kutoka hapo namtembeza,
upana wa ukucha kwa wiki.
Mchana namlaza mazizini.
Barabara nyekundu namwepusha nazo.
Wiki mbili nilimweka chini ya mierebi
kwa sababu sikuona daraja,
na mvua, nadhani, ilikuwa ikinyesha huko.

Amefika karibu na milima.
Mbele yake kuna doa la kahawia, kubwa kama haragwe,
pasi yangu ilipoiunguza hariri.
Sijui chini yake kuna kijiji,
au njia, au genge.
Nimemsimamisha hapo.
Hii ni Jumatatu ya tisa.